Je, Wajua? Karafuu Haina Mchezo na Bakteria

Wajua kwamba bakteria aina ya E. coli, akipata chakula na joto la kumtosha, hujigawa kila dakika 20? Mwache mmoja saa nne usiku, rudi saa kumi na mbili asubuhi: wako zaidi ya milioni 16! Na wewe ulikuwa unakoroma tu.

Na dawa ya methisilini je? Ilitengenezwa kuwakomesha bakteria walioishinda penisilini. Kufikia mwaka 1961, Waingereza walishampata bakteria asiyeijali kabisa!

Sasa nenda jikoni, chukua karafuu moja nono, ibonyeze kwa ukucha. Umeuona unyevu unaong'aa? Hayo ndiyo mafuta, na kwa kawaida zaidi ya asilimia 70 yake ni kitu kimoja tu: eujenoli. Humtoboa bakteria ule utando wake, vya ndani vikavuja nje. Maabara imeshuhudia hata wale sugu kwa methisilini wakisalimu amri! Kikaratasi kidogo cha duara huchovywa mafuta, kikawekwa katikati ya sahani iliyopandwa bakteria. Kesho yake sahani nzima imetanda ukungu, ila kandokando ya kikaratasi ni peupe, kama uwanja uliofagiliwa.

Ile harufu ya kwa daktari wa meno unaikumbuka? Eujenoli hiyo hiyo! Huchanganywa na zinki oksaidi, jino likazibwa kwa muda.

Pemba hata makonyo ya karafuu hayatupwi. Hukamuliwa mafuta kwa mvuke!

Matone machache ya mafuta ya karafuu majini, samaki analala fofofo. Watafiti humpima urefu na uzito, wakamrudisha kwenye maji safi, akaamka na kwenda zake.

Wala si karafuu peke yake: huko Australia, miaka ya 1920, Arthur Penfold alipima mafuta ya mti wa chai (siyo chai yako ya asubuhi!) akakuta yanaua vijidudu zaidi ya mara 10 kuliko fenoli, dawa iliyotamba enzi hizo.

Lakini wewe, mafuta haya usiyanywe! Mililita 10 tu za mafuta ya karafuu zinaweza kumtia mtoto mdogo mahututi na kumwumiza ini. Na hakuna mafuta yaliyokwisha kuchukua nafasi ya sindano ya hospitali.

Tena yuko mbishi mmoja, Pseudomonas, yule anayeacha usaha wa kijani kidondani. Mwilini ana vipampu vidogo mno: mafuta yakiingia, anayasukuma nje, kama baharia anayefua maji kwenye ngalawa inayovuja!