Mlima Elgon: Kwa nini korongo lisilojulikana hukaguliwa kuanzia vyanzo vya maji

Siku ambayo anga ni safi, mtu aliyesimama Tororo huuona Mlima Elgon upande wa kaskazini-mashariki. Mvua inayonyesha huko juu huenda isidondoshe hata tone mjini, lakini baada ya muda maji ya mto Malaba hubadilika rangi na kina chake kikapanda. Wakazi wa Tororo na wa Busia, mji unaogawanywa na mpaka wa Uganda na Kenya, wanalijua jambo hilo tangu zamani. Kwa wanaofanya mchezo wa kushuka makorongo kwa kamba, kulijua au kutolijua kunaweza kuamua nani atarejea nyumbani.

Mchezo huo huchanganya kutembea mtoni, kuogelea na kuteremka kwenye magenge kwa kamba. Katika wilaya ya Kapchorwa, upande wa Uganda wa mlima huo, wageni huteremshwa kando ya maporomoko ya Sipi, ambayo refu zaidi linakaribia mita 100. Waongozaji wa pale wanalifahamu genge lao. Hata hivyo, Elgon una mabonde mengine mengi ambayo hayana njia iliyopimwa wala mahali pa kufunga kamba palipokwisha kujaribiwa. Anayetaka kuwa wa kwanza kushuka huko hulazimika kwanza kufanya ukaguzi, na ukaguzi huo huanzia mbali na korongo lenyewe.

Hesabu ya mvua

Swali la kwanza la mkaguzi ni ukubwa wa eneo linalomwaga maji yake katika korongo. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni sawa na lita milioni 1. Milimita 30, kiasi ambacho mvua kubwa ya alasiri inaweza kuleta, zikinyesha juu ya kilomita 10 za mraba huwa lita milioni 300. Sehemu ya maji hayo hunywewa na ardhi. Ikiwa ardhi imekwisha kulowa kwa mvua za siku zilizotangulia, au misitu imefyekwa, sehemu kubwa hutiririka juu ya ardhi na kukusanyika mahali pamoja.

Katika bonde pana maji hayo husambaa. Katika korongo lenye upana wa mita tatu au nne hayana pa kwenda ila juu, na kina kinaweza kupanda kwa dakika chache. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, hivyo mtu aliyezama hadi mapajani katika mkondo wa kasi huwa hawezi tena kusimama.

Misiba iliyofundisha

Mifano haiko mbali. Katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, vijana 7 wa kundi la kanisa walifariki Aprili 2012 baada ya mafuriko ya ghafla kuwakuta ndani. Septemba 2019 kundi jingine la watalii lilisombwa katika korongo hilohilo, na likafungwa kwa muda.

Nchini Marekani, tarehe 12 Agosti 1997, watu 11 walikufa katika korongo la Antelope, jimbo la Arizona. Dhoruba ilikuwa imenyesha mbali, upande wa juu. Miaka miwili baadaye, Julai 27, 1999, watu 21 walikufa katika korongo la Saxetbach nchini Uswisi wakiwa pamoja na waongozaji. Mwaka 2001 mahakama ya nchi hiyo iliwatia hatiani baadhi ya wahusika wa kampuni iliyoandaa safari hiyo.

Elgon wenyewe umetoa onyo lake. Oktoba 11, 2018, mto Suume katika wilaya ya Bududa uliteremsha matope na mawe makubwa na kuua makumi ya watu. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika katika mji wa Mbale na kusababisha vifo. Waathiriwa hao walikuwa majumbani na njiani. Aliye ndani ya korongo huwa na nafasi ndogo zaidi ya kukimbia.

Ramani isiyokomea mpakani

Kazi ya mezani hufanywa kwa ramani zenye mistari ya mwinuko na kwa picha za setilaiti. Mistari inapokaribiana kando ya mto, hapo pana genge. Mkaguzi huufuata mto hadi vilele vinavyouzunguka, huchora mpaka wa eneo lake la maji, kisha huweka alama mahali ambapo mtu anaweza kutoka kabla ya mwisho.

Hapa mpaka wa nchi huleta tatizo lake. Mto Lwakhakha, ambao hutenganisha Uganda na Kenya kwa sehemu ya mwendo wake, hupokea maji kutoka pande zote mbili. Anayesoma utabiri wa upande mmoja tu amesoma nusu ya habari, hivyo inampasa kufuatilia taarifa za idara za hali ya hewa za nchi zote mbili. Vilevile mlima una hifadhi mbili za taifa, moja chini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na nyingine chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ruhusa ya upande mmoja haimpi mtu haki ya kutokea upande wa pili.

Maswali kwa wenyeji

Ramani haionyeshi gogo lililoziba njia mwaka jana. Wanaojua hilo ni wachungaji, warina asali na wanawake wanaoteka maji. Wasabiny, Wagisu, Wabukusu na Wateso wana lugha zao, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha na mgeni, hasa upande wa Kenya na karibu na mpaka.

Namna ya kuuliza ina uzito. Ukimwuliza mzee kama mahali ni salama, huenda akakujibu kwa adabu jibu unalotaka kusikia. Ni afadhali kumwuliza maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa anayoyakumbuka, huchukua muda gani kufika baada ya mlima kufunikwa na wingu, na ng'ombe huvushwa wapi. Majibu ya watu watatu wasiokaa pamoja hulinganishwa. Baadhi ya mapango na maporomoko pia yana heshima yake kimila, na wenye eneo ndio wa kuombwa idhini.

Kutembea kutoka chini

Baada ya hapo mkaguzi huanza kwa miguu, akitokea mwisho wa korongo na kupanda kadiri awezavyo. Anayepanda kwa miguu yake anaweza kurudi kwa njia ileile. Njiani husoma kuta: majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi huonyesha maji yalifika kimo gani, na mwamba uliosuguliwa bila kuvu huonyesha yanapita mara kwa mara. Taka hizo zikionekana juu ya kichwa chake, sehemu hiyo si ya kupumzikia.

Kisha hupita ukingoni juu, hupima urefu wa magenge kwa kamba yenye alama, na hutafuta miti mikubwa iliyo hai au miamba imara ya kufungia. Droni husaidia panapokuwa na ruhusa ya kuirusha, ingawa haioni kina cha dimbwi. Dimbwi hupimwa kwa fimbo au kwa mtu aliyefungwa kamba, kila mara, kwa kuwa furiko moja linaweza kulijaza mawe.

Kamba ikishavutwa

Katika mchezo huu kamba hupitishwa mahali pa kufungia, mtu hushuka, kisha kamba huvutwa kwa ajili ya genge linalofuata. Genge la mita 40 linahitaji kamba ya mita 80 iliyokunjwa mara mbili, au kamba mbili za mita 40. Ikishavutwa, njia ya kurudi juu imefungwa. Kwa sababu hiyo, katika korongo ambalo halijawahi kushukwa, kamba ya genge la kwanza huachwa mahali pake mpaka ihakikishwe kwamba genge la pili linashukika au kuna njia ya kutokea kando.

Kundi la ukaguzi huwa dogo, la watu wenye uzoefu. Huanza alfajiri ili limalize kabla ya mvua za alasiri, na huepuka miezi ya masika. Mtu mmoja hubaki nje akiwa na ramani na saa ya mwisho ya kuwangoja, kwa sababu ndani ya korongo simu haipati mtandao, na karibu na mpaka inaweza kudaka mtandao wa nchi jirani. Namba za dharura ni 999 na 112 katika nchi zote mbili, lakini anayepiga hana budi kuweza kutaja mahali.

Maji yakigeuka rangi, yakianza kubeba majani, au mngurumo ukisikika kutoka juu, kanuni ni kupanda ukutani mara moja, pasipo kujaribu kuyashinda mbio kuelekea mwisho wa korongo. Na ikiwa wingu jeusi limetanda juu ya Elgon kabla ya kuanza, safari huahirishwa, hata kama jua linawaka Tororo.