Usiiogope eksirei, lakini iheshimu

UKIKETI kwenye foleni ya eksirei katika hospitali yoyote jijini Nairobi, hutakosa kukutana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ananong'ona kwamba miale ile hukausha damu, na afadhali arudi kwake Kawangware na kikohozi chake. Wa pili anayo picha ya juzi nyumbani, lakini amekuja kupigwa nyingine kwa kuwa, asemavyo, picha haidhuru.

Wote wawili wamekosea, na kosa la kila mmoja laweza kumgharimu afya.

Eksirei ni miale ya jamii moja na mwanga, ila ina nguvu zaidi na macho hayaioni. Iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg, Novemba 8, 1895. Kwa kuwa hakujua ni miale gani, aliiita X, herufi ya kitu kisichojulikana. Majuma machache baadaye aliupiga picha mkono wa mkewe. Mifupa ikaonekana, na pete kidoleni.

Ndani ya mashine

Ndani ya mashine mna bomba lisilo na hewa. Waya hupashwa moto mpaka utoe elektroni, kisha umeme wa maelfu ya volti huzirusha zigonge kipande cha tangsteni. Nguvu nyingi hugeuka kuwa joto. Asilimia moja hivi tu ndiyo huwa eksirei.

Mapafu yaliyojaa hewa huipitisha miale hiyo kwa urahisi, na kwenye picha huwa meusi. Mifupa huizuia, nayo huonekana myeupe. Pafu lenye ugonjwa huonyesha doa jeupe pale palipopaswa kuwa peusi.

Hapo ndipo yule wa Kawangware anapojidhuru. Katika uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu uliokamilika 2016, picha ya kifua ilisaidia kuwagundua hata watu wasiokuwa na dalili zozote. Picha peke yake haithibitishi ugonjwa. Lazima makohozi yapimwe. Lakini aikimbiaye picha huenda akarudi nyumbani kuwaambukiza wanawe.

Kiasi gani?

Ni kweli kwamba miale hii yaweza kudhuru chembechembe za mwili na kuongeza kidogo hatari ya saratani. Hata hivyo, sote tunapata mionzi kutoka ardhini, angani na katika chakula, wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani. Picha ya kifua kwa kawaida haizidi milisivati 0.1, sawa na majuma mawili hivi ya kuketi nyumbani. Skani ya CT ya tumbo ni jambo jingine: yaweza kufikia mionzi ya miaka mitatu. Hiyo haifai kurudiwa ovyo.

Tena, mashine ikizimwa miale hutoweka kama mwanga wa taa. Hakuna inayobaki mwilini wala chumbani.

Ya kukumbuka

Mama mja mzito, au anayeshuku kuwa ni mja mzito, amweleze mpiga picha kabla ya kuingia.

Hifadhi picha zako za zamani na uende nazo kwa daktari. Huenda zikatosha.

Mtoto akihitaji kushikwa, amshikaye avae aproni ya risasi. Wengine wangoje nje, mlango ukiwa umefungwa. Umbali ni kinga: ukiongeza umbali wako maradufu, miale hupungua hadi robo.

Muulize daktari kama uchunguzi usiotumia eksirei, kama vile ultrasaundi, unafaa.

Kliniki ya eksirei, iwe katikati ya jiji au Kangemi, lazima iwe na leseni. Tangu sheria ya 2019, kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia nchini. Una haki ya kuulizia leseni hiyo.

Na wale wanafunzi wanaoogopa lango la ukaguzi kwenye maduka ya Westlands watulie. Lango lile hutafuta chuma kwa sumaku tu. Eksirei imo katika sanduku lile linalomeza mikoba.

Basi mwenye kikohozi na aingie akapigwe picha. Na mwenye picha ya juzi arudi nyumbani kuichukua.