Nuru ya Chenji Chini ya Subaru

Msomaji wetu wa Nakuru amenunua Subaru Impreza WRX iliyotumika, na kila asubuhi anakuta doa la mafuta sakafuni, usawa wa pale injini inapoungana na giaboksi. Kila fundi aliyemwita ana mshukiwa wake: huyu anataja gasketi za tapeti kava, yule sili ya nyuma ya krenkishafti, mwingine anataka giaboksi ishushwe leo leo. Anauliza amwamini nani.

Kwa sasa asimwamini yeyote. Habari ya rangi na harufu za vimiminika vya gari sitairefusha, maana inachosha na dereva yeyote anaijua nusunusu: maji meupe yasiyo na harufu ni ya kipoza hewa, si ugonjwa, mafuta mekundu mepesi huenda ni ya steringi, ya giaboksi hunuka salfa. Ya kwake ni meusi na hayanuki salfa. Ni ya injini. Yanatokea wapi, hilo ndilo swali, na injini hii ina visa. Silinda zake nne zimelala, mbili kulia, mbili kushoto, hivyo mafuta yanayolainisha vali hukaa yakiegemea gasketi za kava saa zote gari likiwa limesimama. Gasketi ikichoka, mafuta hutambaa juu ya chuma, mengine hudondokea ekzosi na kunuka kuungua, na barabarani upepo huyasukuma nyuma mpaka kwenye giaboksi. Ongeza tabo na mabomba yake ya mafuta. Doa linaonyesha tone liliposhukia, basi.

Sasa tuje kwenye kitu kilichonifanya nilichague swali hili kati ya barua zote: kichupa kidogo cha rangi ya kusakia mvujo. Unaimimina kwenye mafuta ya injini, unaendesha gari, kisha usiku unaingia chini ya gari na taa ya urujuanimno. Kila kitu ni giza, isipokuwa mafuta. Yanawaka kijani kikali.

Yanawakaje? Chukulia kwamba jicho ni muuza chapati mkaidi anayepokea noti za aina chache tu: mwanga wa nanomita 400 hadi 700, basi. Taa yetu inamwaga noti za nanomita 365, kubwa mno kwake, maana nanomita zikipungua thamani hupanda, kila moja ikiwa na thamani ya elektrovolti 3.4. Muuza chapati hazioni. Chuma, mpira na vumbi vinazirudisha zilivyo au kuzimeza kimya, ndiyo maana uvungu wote unabaki mweusi. Molekuli ya rangi ndiyo wakala wa kubadilisha fedha. Anaidaka noti kubwa, na elektroni yake inapanda ghafla ngazi ya juu ya nishati. Kabla hajatoa chochote anakata kamisheni: molekuli inatikisika, sehemu ya nishati inaliwa kama joto, na hilo limekwisha ndani ya sehemu chache za trilioni ya sekunde. Kisha anakaa kidogo na fedha mkononi, sehemu chache za bilioni ya sekunde, jambo ambalo kwa wakala wa namna hii ni usingizi wa mchana. Ndipo anapotoa noti ndogo, nanomita 520 hivi, elektrovolti 2.4. Karibu theluthi imekwenda. Lakini hii ndogo ni ya kijani, na muuza chapati anaipokea kwa mikono miwili. Kwa kawaida wakala hatoi noti kubwa kuliko aliyopokea, na ukimpa nyekundu hana cha kukubadilishia.

Kanuni hiyo ina jina la George Gabriel Stokes wa Cambridge. Mwaka 1852 alitawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, kisha akasogeza mrija wa maji ya kwinini, ndiyo, ile chungu ya malaria, kutoka rangi moja hadi nyingine. Kwenye nyekundu, kimya. Kwenye kijani, kimya. Mrija ulipokaribia mwisho wa urujuani ndipo ulipoanza kuwaka bluu, ukaendelea hata gizani.

Kuwaka huku kwa Kiswahili nimejaribu kukuita “mng’ao”, lakini huo ni wa viatu vilivyopigwa rangi. “Mwako” una moto, na hapa hakuna kinachoungua. Mimi nitakuita nuru ya chenji, na mhariri akikataa alete lake.

Basi msomaji aoshe injini kwanza, maana mafuta ya zamani yatamdanganya, anunue rangi ya mafuta ya injini na si ya kipoza hewa, aendeshe gari siku chache, kisha avae miwani ya kukinga macho na kuingia chini na taa. Asiangalie panapowaka zaidi. Atafute kijani kilicho juu kabisa na mbele kabisa, kwa sababu mafuta hushuka na upepo huyarudisha nyuma. Kikianzia kwenye tapeti kava, ni kazi ya nusu siku na gasketi za bei ndogo.

Kama juu kote ni giza na kijani kinachungulia tu pale chini injini inapoungana na giaboksi, yule fundi wa tatu alikuwa sahihi, ingawa alikisia. Giaboksi itashuka. Nyuma ya flaiwili, pamoja na sili ya krenkishafti, kuna kibati cha kutenganisha mafuta ambacho kwenye injini nyingi za Subaru za aina ya EJ kilitengenezwa kwa plastiki, nacho hupinda na kuvuja. Anunue cha chuma kabla ya siku ya kazi, abadili na sili papo hapo, na aitazame klachi: ikiwa imebaki nyembamba, abadili nayo, maana gharama kubwa ni ya kushusha, na hiyo atakuwa ameshailipa.