Tezi Iliyozembea na Sahani ya Fufu

Tezi ya thairoidi ni kiungo kidogo chenye umbo la kipepeo, kilichojibanza mbele ya shingo chini kidogo ya zoloto, na kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali zinazosafirishwa na damu ili kuamuru kasi ambayo mwili huchoma chakula na kutoa joto. Tezi hiyo ikizembea, hali ambayo madaktari huiita haipothairoidi, mwili mzima hupunguza mwendo: moyo hupiga polepole, choo huwa kigumu, ngozi hukauka, usingizi hauishi, mgonjwa husikia baridi hata katika joto la Kindu, mji mkuu wa mkoa wa Maniema, na uzito huongezeka ingawa mlo haujabadilika.

Kuhusu uzito huo husemwa mengi kuliko yaliyo kweli. Ongezeko linalotokana na tezi yenyewe kwa kawaida ni la kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi vilivyozuiliwa mwilini, ndiyo maana uso na kope za mgonjwa huonekana kuvimba. Kwa hiyo mtu aliyeongezeka kilo 20 hana budi kukitazama pia chungu chake na mwendo wake wa kutwa, hata kama vipimo vimethibitisha kwamba tezi yake imelegea.

Katika mashariki ya Kongo, habari za tezi haziwezi kutenganishwa na muhogo. Ili kutengeneza homoni, tezi huhitaji madini joto, yaani iodini, kiasi cha mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na udongo wa nchi zilizo mbali na bahari mara nyingi hauna madini hayo ya kutosha. Yakikosekana, tezi hutanuka ikijitahidi kuyanasa, na uvimbe huo ndio uitwao rovu. Hata hivyo uhaba huo peke yake haukutosha kueleza yaliyoonekana katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ambako watafiti wa Kibelgiji François Delange na André-Marie Ermans walifanya kazi katika miaka ya 1960. Wakazi wa kaskazini na wale wa kusini-magharibi ya kisiwa walikosa madini joto kwa pamoja, lakini rovu lilikithiri kaskazini, na tofauti iliyoonekana ilikuwa katika wingi wa muhogo uliolwa. Muhogo, hasa ule mchungu, una linamarini, dutu ambayo ikivunjika hutoa sumu ya sianidi, na mwili huigeuza sianidi hiyo kuwa thiosianati, ambayo haina ukali wa sumu ya kwanza lakini hugombania na iodini nafasi ya kuingia ndani ya tezi. Palipo na iodini ya kutosha ugomvi huo hauleti madhara makubwa; palipo na uhaba, tezi hushindwa.

Haifuati kwamba mla fufu wa Maniema aukimbie muhogo. Mihogo inayolowekwa siku tatu au nne, ikaanikwa na kutwangwa, hupoteza sehemu kubwa ya sumu kabla unga haujafika jikoni, na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa barabara na kuchemshwa kwa muda mrefu hupona vivyo hivyo. Hatari hurudi pale njaa au haraka ya soko inapofupisha siku za kuloweka. Chumvi nayo, ambayo nchini Kongo ilianza kutiwa madini joto kwa upana katika miaka ya 1990, hupoteza nguvu yake ikiachwa wazi kwenye unyevu, na katika mji wa mvua kama Kindu inafaa itunzwe kwenye chombo chenye kifuniko na kutiwa kwenye chakula kinapokaribia kuiva. Isisahaulike, hata hivyo, kwamba si kila tezi iliyolegea imekosa iodini: katika ugonjwa uliopewa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912, kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe, na mgonjwa wa namna hiyo akijilisha iodini kupita kiasi anaweza kuzidisha maradhi.

Kwa upande wa uzito, sahani ya Kindu imejaa wanga, wa fufu au wa mchele, zao lililoenezwa Maniema katika karne ya 19 na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliojenga makao Nyangwe na Kasongo. Gramu 100 za unga mkavu wa muhogo zina zaidi ya gramu 80 za wanga na chini ya gramu 2 za protini, kwa hiyo tonge hujaza tumbo kwa saa chache tu, kisha njaa hurudi. Kupunguza fufu hadi nusu na kuongeza sombe, maharagi na samaki wa mto Lualaba hubadilisha hali hiyo bila kumtenga mgonjwa na sinia ya nyumbani, mradi sombe isiogeshwe mawese, maana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta hayo kina kalori takribani 120, sawa na gramu 35 hivi za unga. Kuacha wanga kabisa ni ushauri mbaya kwa mgonjwa huyu hasa, kwa kuwa mwili unaonyimwa wanga hupunguza kutengeneza T3, homoni ya tezi yenye nguvu zaidi, yaani ileile ambayo tayari ni haba kwake.

Dawa ndiyo hutangulia. Levothairoksini, homoni ya tezi katika umbo la kidonge, humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya asubuhi, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu hucheleweshwa kwa saa 4, kwa sababu huizuia isifyonzwe. Dawa hiyo si ya kukondesha watu wenye afya, kwani ikizidi huharibu mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa. Baada ya wiki 6 hadi 8 hupimwa TSH, homoni itokayo kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo na kuihimiza thairoidi, ambayo hupanda tezi inapozembea na kushuka dawa inapotosha. Na mgonjwa aliyefanikiwa kupunguza uzito mwingi huenda akahitaji dozi ndogo kuliko ile aliyoanza nayo.