Nasaba na Lugha: Namna ya Kuanza Utafiti wa Historia ya Ukoo

Utangulizi

Utafiti wa historia ya ukoo huhesabiwa na wengi kuwa kazi ya mwanahistoria, au shughuli ya wazee waliostaafu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hatua ya kwanza ya utafiti huo ni ya lugha, na kwamba makosa mengi ya nasaba huanzia hapo. Mtafiti husikia neno, hulifasiri papo hapo moyoni mwake, kisha huandika fasiri yake badala ya neno lenyewe. Neno likishapotea hivyo huwa shida kulirudisha, kwa maana aliyelisema huenda asiwepo siku ya kuulizwa tena. Mifano yetu twaitoa Kenya, hasa mwambao, mahali ambapo nasaba za maandishi na nasaba za mdomo zimekaa pamoja kwa karne nyingi.

1. Kuanza kwa walio hai

Kanuni ya kwanza ni kutoka kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana. Mtafiti na aanze kwa kuandika majina yake yote, ya wazazi wake na ya ndugu zao, pamoja na mahali walipozaliwa na kuzikwa. Baada ya hapo awaendee wazee, akianza na walio wakongwe zaidi. Asiwaendee wanaume peke yao: mara nyingi bibi na shangazi ndio wanaojua nani aliolewa wapi, nani alifiwa na watoto, na nani alilelewa tu nyumbani bila ya kuzaliwa humo.

Maswali na yawe mapana. Anayeuliza, “Je, Fulani alikuwa babu yako?” atajibiwa “Naam,” naye hatapata zaidi ya hilo. Anayesema, “Nieleze walivyohusiana,” atapata maelezo, na ndani ya maelezo hayo atapata istilahi. Siku hizi simu ya mkononi yatosha kunasa sauti, kwa idhini ya msemaji. Unukuzi ufanywe katika lahaja aliyoitumia, iwe Kiamu au Kimvita, wala usisanifishwe. Kila taarifa iandikiwe jina la msemaji, mahali, tarehe, na jambo la nne ambalo husahauliwa mno: yeye mwenyewe alilisikia kwa nani. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu mapokeo simulizi, alisisitiza kwamba ushahidi wa mdomo hupimwa kwa mnyororo wa waliopokezana. Taarifa mbili zikipingana, zihifadhiwe zote mbili. Kupingana kwenyewe ni ushahidi.

2. Istilahi za ujamaa

Istilahi za ujamaa za Kiswahili hazigawanyi jamaa kwa namna wanavyogawanywa katika fomu za serikali. Babu ni baba wa baba au wa mama, lakini pia ni kaka wa hao, na tena ni mhenga yeyote wa zamani. Asemaye, “Babu yetu alitoka Pate,” huenda anataja kizazi cha pili au cha nane. Ndugu yaweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mmoja, wa ziwa moja, au mtu wa ukoo tu. Baba mdogo si baba mzazi, lakini watoto wake huitwa ndugu bila ya kufafanuliwa. Yapasa basi neno lisikilizwe pamoja na kivumishi chake, na kama halina kivumishi, liulizwe.

Maneno mengine yamebadilika maana. Binamu asili yake ni Kiarabu, maana yake mwana wa ami, yaani wa ndugu mwanamume wa baba. Leo wengi hulitumia kwa mtoto wa mjomba au wa shangazi pia. Mtafiti asomaye barua ya zamani asikimbilie maana ya leo. Vivyo hivyo neno umbu, ambalo ni nadra sasa, lilimtaja ndugu wa jinsia nyingine: umbu la mwanamume ni dada yake, na umbu la mwanamke ni kaka yake. Asiyelijua aweza kumgeuza mwanamke kuwa mwanamume katika mchoro wa ukoo. Kuhusu vizazi vya chini tuna mjukuu, kitukuu, kilembwe na kining’ina, lakini wasemaji hawayapangi maneno haya kwa mpango mmoja. Njia ya salama ni kumwomba mzee ahesabu kwa vidole, akitaja jina la mtu kwa kila kidole.

3. Majina na marudio yake

Jina la mtu ni hati fupi, lakini kila jamii huiandika kwa kanuni zake. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mabinti hufuata mpango huohuo kwa upande wa mabibi. Kwa hiyo Kamau wa Njoroge wa Kamau ni mfuatano wa kawaida, na mwenye kunukuu kwa haraka aweza kuwaunganisha Kamau wawili na kuwafanya mmoja, akapoteza vizazi viwili. Upande wa pili, kanuni hiyo ni msaada: jina la mjukuu laweza kufichua jina la babu aliyesahauliwa. Kwa Wajaluo, Otieno na Atieno huonyesha kuzaliwa usiku, Okoth na Akoth wakati wa mvua. Majina hayo yenyewe hayathibitishi uhusiano na mhenga yeyote.

Marika nayo husaidia kukadiria tarehe. Godfrey Muriuki aliyatumia katika historia yake ya Wakikuyu iliyotoka mwaka 1974. Lakini hapa pia pana mtego. Kwa Wanandi majina ya marika ni saba na hurudi kwa mzunguko, na mzunguko mmoja hupita miaka mia. Kusema kwamba mhenga alikuwa wa rika la Maina hakutoshi. Yapasa kuuliza ni Maina wa mzunguko upi.

4. Wasiotajwa katika mlolongo

Sasa twafika penye uzito wa jambo hili. Mlolongo wa bin na bin, unaopendwa sana mwambaoni, ni mlolongo wa wanaume. Mtu aweza kutaja mababu kumi bila ya kumtaja mama hata mmoja. Chini ya sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru, akarithi, akachukua nasaba ya baba. Hivyo nasaba yaweza kuwa ya kweli kila neno lake, na bado ikanyamaza kuhusu nusu ya wahenga. Swali, “Mama yake alikuwa nani, na alitoka wapi?” liulizwe katika kila kizazi.

Wapo na wale ambao mlolongo wao ulikatwa kwa nguvu. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Kabla ya hapo, mwaka 1875, wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha kijiji cha Freretown, karibu na Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na wengi wao wakabatizwa kwa majina mapya. Katika kumbukumbu za aina hii, asili ya mtu huandikwa kwa neno moja: Myao, Mmakua, Mnyasa. Neno Mnyasa, kwa matumizi ya mwambao, lilikusanya watu wa makabila mengi waliotoka upande wa ziwa. Ni jina la upande zaidi kuliko la kabila. Hapa mwanaisimu ana kazi ambayo wengine hawaiwezi: jina la utani, jina la chakula, au maneno ya bembea yaliyobaki nyumbani yaweza kulinganishwa na lugha za bara na kuonyesha njia ambayo daftari haikuiandika.

Lakini kazi hiyo ina masharti. Neno mzalia, lililomtaja mtumwa aliyezaliwa nchini, bado laweza kumjeruhi mtu mbele ya majirani zake, na hata kutumiwa katika ugomvi wa shamba. Mtafiti ana haki ya kujua wahenga wake. Hana haki ya kutangaza wahenga wa jirani bila ya ridhaa yake.

5. Nyaraka

Ushahidi wa mdomo ukishakusanywa, ndipo nyaraka hutafutwa. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, ina taarifa nyingi za utawala wa kikoloni. Madaftari ya ubatizo na ndoa, na kumbukumbu za makadhi, yafaa pia. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi mwambaoni walete madai yao, na palipodaiwa urithi, nasaba nayo ilikuwa hoja. Ikumbukwe kwamba nasaba iliyotolewa ili kupata shamba ina shabaha yake. Kipande, kilichowekewa sheria mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kiliwahusu wanaume Waafrika wa miaka kumi na sita na zaidi, wanawake hawamo.

Tarehe za Hijra zigeuzwe kwa uangalifu, kwani miaka 33 ya Hijra ni karibu miaka 32 ya jua. Mwaka 1330 wa Hijra ulianza Desemba 1911, kwa hiyo aliyezaliwa mwaka huo karibu hakika alizaliwa 1912, ila si lazima.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nasaba ni maneno kabla ya kuwa mchoro. Mwenye kuanza hahitaji vifaa vingi: daftari, kinasa sauti, na subira ya kuandika lililosemwa jinsi lilivyosemwa. Idara zetu za lugha zaweza kuwapa wanafunzi kazi hii kila likizo, kila mmoja kwa watu wa nyumbani kwake. Wazee waliobaki wenye kujua tofauti ya umbu na ndugu ni wachache, nao hawangojei likizo zetu.