Mpira wa Mkojo: Swali la Kuulizwa Kila Siku



Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu kwa nduguye, nasi tunashukuru kuwa ada hiyo haikututoka huku ugenini. Mwaka jana tulikwenda kumtazama mzee wetu aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi baada ya kupasuliwa moyo. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, aliuona mfuko wa mkojo ukining'inia ubavuni mwa kitanda, akauinua na kuuweka juu ya godoro apate nafasi ya kukaa. Muuguzi alikuja mbio akaurejesha chini. Tuliona haya, tukamwuliza sababu, na jawabu lake tumeona si vyema kulificha.

Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kwenda haja mwenyewe, na madaktari huhitaji kujua kila saa mafigo yake yanatoa mkojo kiasi gani. Kwa hiyo hutiwa mpira mwembamba unaopita katika njia ya mkojo hadi kibofuni, nao huzuiwa usichomoke kwa kijiputo kinachojazwa maji.

Faida hiyo ina gharama yake. Mtu mwenye afya, kila akikojoa, mkojo huvisukuma nje vijidudu. Mpira huiondoa kinga hiyo. Vijidudu, vingi vikitoka katika utumbo wa mgonjwa mwenyewe au mikononi mwa wanaomhudumia, huufuata mpira hadi ndani na kujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida. Mfuko ukiinuliwa, mkojo uliokwisha kutoka hurudi kibofuni pamoja na vilivyomo. Wataalamu wanakadiria kuwa kila siku mpira unapobakia, wagonjwa 3 hadi 7 katika kila 100 huingiliwa na vijidudu katika mkojo. Si wote watakaougua, na asiye na dalili kwa kawaida hahitaji dawa. Lakini vikifika katika mafigo au damu, mgonjwa aliyekwisha dhoofika huweza kupoteza maisha.

Basi sisi jamaa tufanye nini? Tuoshe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake. Mfuko ubakie chini ya usawa wa kibofu, wala usiguse sakafu. Mpira usivutwe, usikunjike, wala usitenganishwe na mfuko wake. Mgonjwa akipata homa, kutetemeka, maumivu chini ya kitovu au kiunoni, au mzee akianza ghafla kusema maneno yasiyoeleweka, tumwite muuguzi upesi. Tusiseme kuwa huo ni uzee tu.

Wala mgonjwa asikatae mpira anaouhitaji kwa kuchelea tahara na sala yake. Wenye udhuru wana hukumu zao katika fiqhi. Na aulizwe mwanachuoni.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: hakuna kinga ipitayo kuutoa mpira mara tu haja yake inapokwisha. Mara nyingi mgonjwa hupata nafuu, nao mpira husahauliwa mahali pake. Kwa hiyo kila siku tuulize: "Je, mpira huu bado unahitajika?" Tusiutoe wenyewe, bali tuulize. Wengi wetu huona haya mbele ya daktari kwa sababu ya lugha, au hudhani kuwa kuuliza ni kukosa adabu. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Asiyeiweza lugha na aombe mkalimani.

Siku ya tatu mwana wa mzee wetu alijikaza akauliza. Daktari alizitazama karatasi za mgonjwa, akafikiri kidogo, akaamuru mpira utolewe jioni ile ile. Hakukasirika, alishukuru kukumbushwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.