Muhogo wenye majani mazuri ni mzima? Kweli na uongo kuhusu virusi Kyela

Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, inasifika kwa mchele na kakao, lakini mpunga ukigoma, muhogo ndio unaoishika nyumba. Nao una adui wa siku nyingi: ugonjwa wa virusi uitwao michirizi ya kahawia. Mtafiti H. H. Storey aliueleza ugonjwa huu mwaka 1936 akiwa Amani, Usambara. Mwaka 1950 mtafiti mwingine, Nichols, akaandika kuwa uko pwani ya Afrika Mashariki na kando ya ziwa letu, upande wa Nyasaland (sasa Malawi).

“Majani ya juu yakiwa mazuri, muhogo ni mzima.”
Uongo, na ndio unaotugharimu kuliko wote. Batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, hujitangaza: majani machanga hujikunja na kuwa na mabaka. Michirizi ya kahawia huficha. Kilele hubaki kizuri, huku majani ya chini, yaliyokomaa, yakipata unjano unaofuata vishipa. Majani hayo ndiyo hupukutika kwanza, kwa hiyo kiangazi dalili zimekwisha kuanguka. Hata mzizi hudanganya: mnene, ganda safi, lakini ukiukata unakuta madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo.

“Ni maji yaliyosimama shambani yameuozesha.”
Mara nyingine kweli, hasa huku kwetu kwenye mafuriko. Ila uozo wa maji ni laini na unanuka. Wa kirusi ni mkavu.

“Muhogo wa aina ya Kiroba haushikwi na ugonjwa huu.”
Uongo. Kiroba huvumilia. Kirusi kinaingia, mizizi inaharibika kidogo, na nzi weupe wanaweza kukitoa hapo wakakipeleka kwa jirani aliyepanda aina dhaifu.

“Kuna dawa ya kupuliza.”
Hakuna inayoponya kirusi ndani ya mmea.

“Simu inatosha kupima.”
Nusu kweli. Nuru, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, inaongea Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti. Lakini inasoma dalili tu, kwa hiyo ielekeze kwenye jani la chini, si la kileleni. Maabara, kama ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya TARI Mikocheni, hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, hata pale jani halijaonyesha kitu. Hata huko, jani moja lisikupe amani: kirusi hakikai sawasawa mwili mzima wa mmea.

“Ni ugonjwa wa bondeni, milimani haupandi.”
Hata wataalamu waliamini hivyo, mpaka ulipoonekana Uganda mwaka 2004, juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari.

“Viazi mviringo vya milima ya Uporoto havina mambo haya ya virusi.”
Vina virusi vyao, vinavyobebwa na vidukari na kwa mbegu. Vile viazi vidogo vinavyobakizwa kwa kupanda mara nyingi vimetoka kwenye shina lililokuwa gonjwa.

“Pingili za jirani hazina neno.”
Inategemea alivyozikagua. Nzi weupe hawafiki mbali. Kirusi husafiri masafa marefu ndani ya pingili tunazopeana kwa wema, kutoka Ipinda hadi Matema. Hakuna wakati mzuri wa kukagua kama siku ya kuvuna. Kabla hujagawa miti, ng'oa mashina kadhaa, ya katikati na ya pembeni, ukate kila mzizi vipande vipande. Ukikuta doa la kahawia, miti ya shamba hilo isigawiwe kwa mtu, wala isivuke Mto Songwe kwenda Malawi.